Jibu: Penta 3 imevuka asilimia 100 na dozi bado zinaisha

Salaam, dada. Unasema zahanati yenu huko Bagamoyo imevuka asilimia 100 ya Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo inayokinga magonjwa matano), lakini dozi hazifiki mwisho wa mwezi. Kagua kwanza kigawanyo, yaani idadi ya watoto mnaolengwa. Lengo la watoto hukadiriwa kutokana na sensa ya 2022, na vizazi visiposajiliwa mnakosa cha kulisahihishia.

Chukua kitongoji kimoja, ikiwezekana chenye dago (kambi ya muda) la wavuvi. Linganisha rejista ya kina mama waliojifungua, rejista ya watoto na orodha ya mhudumu wa afya ya jamii. Fuata jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtoto halitakusaidia, kadi nyingi zimeandikwa “mtoto wa Mwanahamisi” tu. Watenge waliotoka vijiji jirani, maana hao hupandisha asilimia na kuwaficha wenu wasiochanjwa kabisa. Hapo ndipo surua hupenya, na inasikitisha.

Orodha mtakayoipata mpelekee mratibu wa chanjo wa wilaya kabla bajeti haijafungwa. Kwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) msihesabu mtoto mmoja dozi moja: chupa ya dozi 20 ikishachanganywa, kinachobaki hutupwa muda wa saa 6 ukipita.