Nimewapenda TWICE ukubwani, je nimechelewa?

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Morogoro. Mwaka jana binti yangu aliacha simu ikicheza wimbo wa TWICE, wale wasichana tisa wa kundi la Korea Kusini, na tangu hapo sijiwezi, hasa kwa Momo. Nawaangalia usiku jikoni maharage yakichemka, hedifoni sikio moja chini ya mtandio, maana ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Mume wangu ananicheka. Mashabiki wengine wako nao tangu mwanzo, mimi nimefika harusini watu wanakunja mikeka. Tena nimechukua hela ya mchezo nikanunua albamu mbili, mume hajui. Nimerukwa na akili?"

Marahaba mwanangu. Akili zako ni timamu, umependa tu.

Hilo la kuchelewa ndilo naona linakuuma zaidi. TWICE walitoa wimbo wao wa kwanza Oktoba 2015. Waliokuwepo siku ile walifurahi, lakini wamebeba pia hofu ambazo wewe umezikuta zimekwisha. Mwaka 2019 Mina, mmoja wao, alisimamisha kazi kwa sababu ya wasiwasi mkubwa uliomshika, na mashabiki wakakaa miezi hawajui atarudi lini. Baadaye Jeongyeon naye akapumzika kwa sababu za afya. Halafu kuna mwaka wa saba, ambao mashabiki wa muziki wa Kikorea wanauogopa, kwa kuwa mikataba mingi ni ya miaka saba na makundi mengi huvunjikia hapo. Wao walipoufikia, 2022, wote tisa walisaini upya. Wewe umeingia wakati wale tisa bado ni tisa.

Tafuta Sixteen, mashindano ya televisheni ya 2015 yaliyowachagua. Momo wako alitolewa njiani, akaondoka kabisa. Kwenye fainali wakatajwa washindi saba, kisha J.Y. Park, mwanzilishi wa kampuni yao, akaongeza wawili: Tzuyu, na Momo yuleyule aliyekwisha kutolewa. Mtazame siku anayotolewa huku ukijua kwamba Julai 2024 atasimama na wenzake kwenye Uwanja wa Nissan, Yokohama, huko Japani alikozaliwa. Aliyetazama mwaka 2015 alilia bila kujua hayo.

Na umri usikutie haya. Nayeon, mkubwa wao, alizaliwa 1995. Tzuyu, mdogo wao, 1999. Hao ni wanawake watu wazima wanaofanya kazi yao.

Sasa mumeo. Umeandika kwamba ile ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayekuita, ukapita haraka kama si kitu. Mimi hapo nimesimama. Mama anayengoja maharage ya usiku ili apate nafasi ya kusikiliza wimbo ni mama aliyechoka, na mumeo anahitaji kuambiwa hivyo kwa maneno hayohayo. Muoneshe Feel Special, wimbo wa Septemba 2019, mweleze kwamba maneno yake yametokana na magumu waliyopitia wenyewe, kisha mwambie ya kwako. Nadhani ataacha kucheka. Akiendelea kucheka baada ya hapo, niandikie tena, maana tutakuwa na jambo jingine kabisa la kuzungumza.

Binti yako naye umuulize nani wa kwake kati ya wale tisa. Ndiye aliyekuletea raha hii, na barua yako haisemi kama anajua.

Kwenye hela sikuungi mkono hata kidogo. Hela ya mchezo ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule ambaye zamu yake inakuja. Nadhani najua pia ilikuwaje ukanunua albamu ya pili: ya kwanza haikuwa na kadi ya Momo. Zile kadi za picha hufungwa ndani bila mnunuzi kujua amepata ya nani, na mpango huo ndio unaomrudisha mtu dukani. Ukiufuata, utanunua ya tatu na ya nne. Muziki wao na video zao ziko YouTube, kwako ni gharama ya bando tu. Rudisha hela ya watu kabla zamu haijafika, hata kama ni kwa kuuza albamu moja kwa shabiki mwenzako, na umwambie mumeo mwenyewe kabla hajaambiwa na mwanamchezo mwingine.