Natembea jioni, mbona asubuhi sukari imerudi palepale?

Safari hii maswali mengi mliyoniletea yanahusu mazoezi na kisukari aina ya pili. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Kila swali linafuatwa na jibu langu.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Igoma, hapa Mwanza. Juzi nilipima sukari baada ya chakula cha jioni nikakuta 12.4 (mmol/L). Nikatembea nusu saa, niliporudi ikawa 8.9. Nilifurahi sana. Asubuhi kabla ya chai nakuta 9.3! Je, nilijichosha bure?

Hapana mama, hukujichosha bure. Hapo umeona mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kazi ya misuli. Ukiwa umetulia, insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye msuli, na kwenye kisukari aina ya pili mwili hauiitikii insulini inavyotakiwa. Lakini msuli unaofanya kazi una njia yake. Unapojikunja na kujinyoosha, unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini inasuasua. Ndiyo maana umeshuka kutoka 12.4 hadi 8.9 kwa nusu saa tu.

La pili ni ini. Usiku, ukiwa hujala kitu, ini linatoa sukari iliyo akiba ili ubongo usikose chakula. Kuelekea alfajiri homoni za kuuamsha mwili nazo zinalihimiza litoe zaidi, na kwa mwenye kisukari linapitiliza. Hiyo 9.3 imetoka huko. Matembezi yako hayana kosa.

Sasa shika hili, maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote: baada ya mazoezi mwili unaendelea kuiitikia insulini vizuri kwa siku nzima, mara nyingine hadi siku mbili au tatu, kisha faida hiyo inayeyuka. Kwa hiyo anayetembea kilomita nyingi Jumamosi halafu akakaa mpaka Jumamosi nyingine anaanza upya kila wiki. Lengo la kawaida ni dakika 150 kwa wiki, na usipumzike zaidi ya siku mbili mfululizo. Nusu saa ikikushinda, igawe: dakika kumi au kumi na tano baada ya kula, hasa baada ya ule mlo wenye ugali mkubwa, kwa sababu ndipo sukari inapopanda. Na pima asubuhi kwa wiki chache, uandike kwenye daftari na kwenda nalo kliniki. Namba ya asubuhi moja haitoshi kukukatisha tamaa.

Naendesha bodaboda Nyakato tangu alfajiri mpaka usiku. Narudi nimechoka hoi. Hayo si mazoezi tosha?

Uchovu wako ni wa kweli, kaka, lakini mapaja yamekaa kutwa, na mapaja na makalio ndiyo misuli mikubwa inayokula sukari nyingi. Mkiwa kijiweni mnasubiri abiria, usilale juu ya pikipiki. Kila nusu saa shuka, zunguka kidogo, chuchumaa na kusimama mara kumi. Mara mbili au tatu kwa wiki ukiwa nyumbani nyanyua dumu la maji, au jisukume ukutani kwa mikono. Msuli ukikua, nafasi ya kuhifadhi sukari nayo inaongezeka. Na ile soda ya kujiburudisha mchana, badala yake kunywa maji.

Nakaa mlimani Mabatini. Nikipandisha ndoo ya maji kichwani kwenye yale mawe, nikipima nakuta sukari imepanda badala ya kushuka. Kipimo kibovu?

Yawezekana kipimo ni kizima kabisa. Kazi ya nguvu ya ghafla inauamsha mwili kama vile kuna hatari. Homoni za mshtuko zinaliamuru ini limwage sukari, na linamwaga kwa kasi kuliko misuli inavyotumia. Pima tena baada ya saa moja au mbili, kwa kawaida utakuta imeteremka. Usikimbilie kuongeza dawa kwa ajili ya namba hiyo.

Ila ukikuta imezidi 16 na una kiu kali, kichefuchefu au unajisikia vibaya, acha kazi uende kituo cha afya. Na kama hujawahi kupimwa macho tangu uambiwe una kisukari, kapimwe kwanza. Mishipa ya jicho ikiwa imeharibika sana, kubeba mzigo mzito kwa kujikamua kunaweza kuivujisha damu.

Nimetoka shamba Magu, njiani nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno hayatoki. Natumia glibenklamaidi asubuhi. Ni malaria?

Malaria ipimwe, lakini maelezo yako ni ya sukari kushuka, na hili naomba kila mgonjwa alisome mara mbili. Glibenklamaidi inalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Ukiongeza jembe la saa nyingi juu yake, sukari inaanguka. Wanaochoma insulini nao wako kwenye hatari hiyo. Anayetumia metformini peke yake, kidonge kingine cha kisukari, ni nadra sukari yake kushuka hivyo.

Dalili zikianza, acha kazi papo hapo. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga si za wakati huo, zinachelewa. Subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, ndipo ule chakula kamili. Usilale ukadhani yameisha: kidonge hiki kinakaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena usiku. Mgonjwa akizimia, asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kuanzia sasa, pima kabla ya kwenda shamba, na ukiwa chini ya 5 kula kwanza. Beba sukari mfukoni, mwambie unayelima naye. Na rudi kliniki wakutazame dozi na figo. Usiipunguze mwenyewe.

Miguu ina ganzi. Nitembee au niache?

Tembea, kama huna kidonda. Ndala ziache, vaa viatu vya kufunika vyenye soksi, kung'uta kokoto kabla ya kuvaa, na jioni kagua nyayo kwa kioo au mwambie mtoto akuangalie. Ukiona lengelenge, pumzisha mguu uende kliniki siku hiyohiyo.

Nikifanya mazoezi kila siku, niache vidonge?

Usiache mwenyewe. Mazoezi ya kudumu yanaweza kushusha kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kwa pointi 0.6 hivi, mfano kutoka asilimia 8.5 hadi 7.9. Ni nyingi, lakini daktari ndiye atakayesema kama dawa ipunguzwe.

Vipi kuogelea ziwani?

Kuogelea kunafaa kwa magoti, ila kwenye fukwe zetu kuna kichocho, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Mwenye kidonda mguuni asiingie kabisa, na anayetumia insulini au glibenklamaidi akiishiwa sukari majini anaweza kuzama. Mimi ningekushauri utembee barabara ya Capri Point. Kama uvuvi ndiyo kazi yako na maji huyakwepi, omba kituo cha afya wakupime kichocho wakupe dawa yake, prazikuanteli.