Maswali ya Wasomaji: Mchanga Usiouona Ndio Unaokula Injini

SWALI: Nilinunua gari la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) lililotumika, na kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikiliendesha kwenye vilima vya mchanga karibu kila mwisho wa juma. Kila ninaporudi hulipiga maji ya presha juu na chini, na oili huibadilisha kabla ya muda wake. Hata hivyo, injini imeanza kula oili, moshi wa bluu unatoka ninapokanyaga mafuta, na nguvu ya kupanda mlima imepungua. Fundi anasema ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zimekwisha. Inawezekanaje, ilhali gari langu linang'aa kuliko ya wenzangu wote?

JIBU: Fundi wako huenda anasema kweli, lakini kabla hajafungua injini mwombe apime kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni) ya kila silinda, kisha adondoshe oili kidogo katika ile iliyoonyesha kipimo cha chini na kuipima tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimelika. Kisipopanda, atazame valvu na gasketi ya silinda hedi. Kazi hiyo haimalizi hata saa mbili, na inaweza kukuepusha na gharama ya kufungua kitu kisichohitaji kufunguliwa.

Ama kuhusu kung'aa, hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mchanga unaouona kwenye zulia la gari, kwenye matao ya magurudumu na juu ya chasisi ni wa kukera tu, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nzito mno kuweza kuifikia injini kwa urahisi. Kinachoua injini ni vumbi laini linalopeperuka pamoja na mchanga huo, yaani chembe za mikroni 5 hadi 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe za namna hiyo huingia kati ya ringi na ukuta wa silinda, mahali ambapo utando wa oili ni mwembamba kuliko chembe yenyewe. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwazi, yenye alama 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, wakati aluminiamu haifiki hata 3, hatuna haja ya kuuliza ni nani atakayemla mwenzake.

Vumbi hilo mara nyingi halipiti ndani ya karatasi ya filta ya hewa, bali hupita pembeni yake. Hupita pale ukingo wa mpira wa filta usipokaa sawasawa, pale klipu moja ya kisanduku inapokuwa imevunjika na mwenye gari akaridhika na tatu zilizobaki, au pale bomba la mpira liendalo kwenye injini linapokuwa na ufa ambao hauonekani mpaka ulikunje kwa mkono. Gari lililotumika huja na mambo hayo bila kukutangazia. Fungua bomba hilo upande wa injini, yaani baada ya filta, viringisha kitambaa cheupe kikavu kwenye kidole, kisha pangusa ukuta wa ndani. Kitambaa kikitoka na unga wa kahawia, hewa isiyochujwa inaingia, na hapo usiliwashe tena gari hilo mchangani mpaka upate tundu lilipo. Kitambaa kikitoka na mafuta meusi bila unga, mara nyingi huo ni mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini, nao ni habari nyingine.

Nitakushangaza kidogo nikisema kwamba filta ya karatasi iliyochafuka kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko mpya, kwa sababu tabaka la vumbi lililonasa juu yake husaidia kunasa vumbi jipya, mpaka ifike mahali inapoanza kuinyima injini pumzi. Kwa hiyo kuifungua kila jioni ili uitazame hakufai kitu. Kila ufunguaji hudondosha vumbi upande ulio safi na kuuchosha ukingo wa mpira. Kuipuliza kwa kompresa ni kubaya zaidi, kwani upepo mkali hupasua nyuzi za karatasi kwa matundu ambayo jicho haliyaoni. Ikichafuka sana, weka nyingine. Na mnapokwenda msafara, achia nafasi hadi vumbi la aliye mbele litulie, kwa maana bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa hupunguza vumbi tu, wala si filta.

Kuhusu maji ya presha, ningekuomba uyapunguze. Mkondo mkali ukielekezwa kwenye sili za magurudumu, kwenye krosi (maungio) za propela shafti au kwenye buti za ekseli (vifuniko vya mpira vinavyotunza grisi ya maungio) husukuma maji na mchanga mahali ambapo vumbi lenyewe lisingefika. Osha kwa maji mengi yasiyo na nguvu, kisha pitisha mkono kwenye buti hizo ukitafuta mpasuko, kwa maana buti likipasuka, grisi iliyomo hugeuka msasa. Rejeta nayo ioshwe kutoka upande wa injini kuelekea nje, taratibu, ili mapezi yake yasilale. Ukiikuta rejeta imejaa vumbi, usishangae geji ya joto kupanda, kwani mchangani injini hufanya kazi nzito huku gari likienda polepole na upepo wa kupooza ukiwa haba. Gia boksi la otomatiki huumia kwa namna hiyohiyo, hivyo oili yake ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa matumizi ya barabarani.

SWALI: Je, ni kweli kupunguza upepo wa matairi huliokoa gari, au ni kwa ajili ya kutokwama tu?

JIBU: Ni yote mawili. Tairi lililoshushwa hadi psi 15 au 18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hulala na kuwa refu ardhini, halichimbi, na hivyo injini, klachi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hubeba mzigo mdogo zaidi. Ekseli nyingi huvunjika pale gurudumu linapozunguka kwa kasi mchangani kisha likashika ghafla kwenye ardhi ngumu. Tairi lililolegea hupunguza hatari hiyo. Usikate kona kwa kasi katika hali hiyo, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na ujaze upepo kabla ya kurudi kwenye lami, kwani kuta zinazokunjwakunjwa kwa mwendo wa kasi hupata joto la kuweza kupasua tairi.

SWALI: Ninaendesha pikipiki. Rafiki yangu hupaka mnyororo oili nyingi kila kabla ya kuingia mchangani, mimi huuacha mkavu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, ikiwa mnyororo wako ni ule wenye ringi ndogo za mpira katika maungio, kwa sababu grisi yake muhimu imefungiwa ndani tangu kiwandani. Oili nzito inayopakwa nje hukusanya mchanga na kutengeneza uji unaofanana sana na ile dawa ambayo mafundi husagia valvu, nao husaga meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) kwa bidii ileile. Kama hupendi kuuacha mkavu kabisa, tumia kilainishi cha nta kinachokauka, ukipake usiku ili kikauke kabla ya safari. Ukishaosha pikipiki na kuikausha ndipo upake, maana mnyororo uliolowa maji na kuachwa hivyo hushika kutu kwa usiku mmoja. Ulegevu wake uwe upande wa juu wa kiwango kilichoandikwa katika kitabu, kwa kuwa mchanga ukijaa kwenye meno ya sproketi hukaza mnyororo na kuibana beringi ya gia boksi.

Filta yako ya sponji ioshwe kwa dawa yake, si kwa petroli, ambayo hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka zake. Iminye kwa viganja, usiikamue kwa kuizungusha kama nguo, itachanika kwenye kona. Ikikauka kabisa, paka oili ya filta na uifinyange hadi rangi ienee pote bila doa jeupe, kisha zungusha grisi nyembamba kwenye ukingo unaokalia kisanduku.