Muulize Shangazi: Mteja anataka kupimwa upya kila safari

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimepanga chumba kimoja cha duka hapa Malaba, upande wa Uganda, na nashona peke yangu tangu mwenzangu aolewe akahamia Mbale. Kuna dereva wa trela anayepita akitoka Mombasa karibu kila wiki mbili. Alianza vizuri: kaunda suti moja, taslimu, bila kupunguza bei. Siku hizi kila akija anasema amenenepa, nimpime upya. Tena anakuja magharibi, majirani wakishaanza kufunga. Juzi nilipofika kiunoni alinikamata mkono nikiwa na futi, akaubana palepale, akacheka. Nami nikacheka. Usiku sikulala. Nina kitambaa chake na advansi ya shilingi 40,000 ambayo nimeshalipia kodi. Nikimfukuza atawaambia madereva wenzake, na hao ndio wateja wangu. Nifanye nini?
Fundi, Malaba

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale "nami nikacheka" naiweka chini kwanza. Usijilaumu kwa kicheko hicho. Ulikuwa peke yako, jua limezama, na mwanamume amekushika mkono. Ulitafuta njia ya kutoka salama, ukaipata. Ila yeye ameondoka akidhani mmecheka pamoja, kwa hiyo safari hii lazima asikie neno.

Nilishona Jinja miaka 22, kwenye kibaraza, na cherehani moja ya miguu. Nami nilikuwa na mtu wangu wa jioni. Kilichonifunga mdomo zaidi ya woga ni advansi yake, kwa sababu nilikuwa nimeshaila. Fundi aliyekula advansi hawezi kumwambia mtu "chukua kitambaa chako uende". Basi anza hapo. Kusanya hizo 40,000 hata kwa kukopa kwenye kikundi chenu, uzitie kwenye bahasha pamoja na kitambaa. Huenda usimrudishie, lakini utakaposema naye utajua kwamba unaweza, na sauti yako itabadilika.

Vipimo vyake unavyo kwenye daftari, hapimwi tena. Akisema amenenepa, alete suruali inayomkaa vizuri. Unailaza mezani, unakunja mguu mmoja juu ya mwingine, unapima kiuno, nyonga, paja, urefu wa ndani na pindo. Suruali itatoka sawa wala hujamgusa mtu. Na huu uwe utaratibu wa duka kwa wanaume wote, uuandike kwenye kadibodi uubandike mlangoni, ili asione kwamba umemtungia yeye. Akija mgeni asiye na suruali ya mfano, simama ubavuni mwake, usimkabili. Kwenye urefu wa ndani, ncha ya juu ya futi aishike mwenyewe, wewe soma namba chini kwenye kifundo cha mguu. Mafundi wengi hufanya hivyo, na mteja mwenye adabu hata hashangai.

Sasa neno lenyewe. Usimwambie una mume mkali. Nilimwambia hivyo yule wangu, na kuanzia hapo akawa anauliza kwanza kama mume yupo. Sema: "Kaka, juzi ulinishika mkono. Sikupenda. Usirudie." Kisha nyamaza, uinamie kazi yako. Atasema alikuwa anatania. Usimjibu. Akirudia, mpe bahasha na kitambaa, mkiwa mlangoni.

Meza isogeze karibu na mlango, wateja wahudumiwe hapo, na stuli ya ndani iondoe kabisa. Mtu asiye na pa kukaa hakai. Kuchukua nguo kuwe mwisho saa kumi na moja jioni, bado kweupe. Halafu ongea na jirani mmoja unayemwamini, kama kijana anayeuza rolex, chapati za mayai, mbele ya duka. Mkubaliane kwamba ukiita "niletee chenji ya elfu ishirini", anaacha chapati anakuja. Mimi nilikuwa na mama wa mkaa, na mara mbili alikuja mikono ikiwa bado myeusi.

Ujue pia kwamba kumshika mwanamke kwa nia chafu ni kosa la jinai Uganda, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14 jela. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kazini zinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke utaratibu wa kuuzuia. Wewe huna bosi wa kukuwekea, ndiyo maana nakuhimiza ujiwekee mwenyewe. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, mweleze mapema, kabla halijatokea jingine, na uandike tarehe ya juzi nyuma ya daftari la vipimo. Hatari ikiwa mbele yako, piga 999.

Kuhusu madereva wenzake, nisikudanganye, huenda ukapoteza wawili watatu, na mwezi wa kwanza utauma. Lakini yule wangu alipoacha kuja, mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, aliniambia alikuwa akipita na kitambaa chake, akimwona yule mtu amekaa ndani, anageuza. Alikuwa amegeuza mara nne. Mwaka ule nilimshonea magauni mawili na sare za watoto wake watatu.

Kaunda suti yake imalizie wiki hii kama uliianza. Ipige pasi vizuri, uifunge kwenye karatasi, uiweke kwenye meza ya mlangoni na salio lake limeandikwa juu.