CRB: Kulipa Deni Ilikuwa Nusu ya Kazi

Afisa wa mikopo aliigeuza skrini ya kompyuta kidogo ili nijionee. "Dada, umekwama hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye mstari mmoja wa ripoti yangu ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Nilikuwa nimekwenda kuomba shilingi 60,000 za kununua friza ya kuhifadhia samaki wangu Likoni, tena siku hiyo nimevaa buibui langu la Idi. Mstari wenyewe ulikuwa wa mkopo wa simu niliouchukua kwenye benki nyingine Desemba 2018: shilingi 4,500, za kulipwa kwa siku 30. Nililipa 1,500, mtoto akaugua, simu ikaibwa, nikasajili laini mpya yenye nambari tofauti, na deni nikalisahau. Hapo ilikuwa Machi 2022.

Nilitoka mle ndani nikiwa na haya, na haya ndiyo iliyonitia hasara ya kwanza. Sikumuuliza mtu yeyote. Usiku huo nikamwandikia kijana mmoja kwenye WhatsApp aliyejitangaza kwamba "anatoa watu CRB kwa saa 24." Nikamtumia 1,500. Saa 24 zikapita, picha yake ikapotea, nikajua nimeliwa. Nakueleza ili usije ukalipia somo lile lile: rekodi ya kweli haifutwi na dalali, na rekodi ya uongo unaweza kuipinga mwenyewe bila kumlipa mtu.

Kwa hivyo usianze na pesa, anza na ripoti. Kenya ina CRB tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila moja inapaswa kukupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Omba zote tatu, kwa sababu benki yako huenda inasoma moja, sacco yako inasoma nyingine, na hazifanani kila mara. Zangu hazikufanana. Ya kwanza ilikuwa na deni moja. Ya pili ilikuwa na mawili, na hilo la pili, shilingi 2,000, nilishalilipa zamani.

Isome ripoti ukiwa umeketi, kalamu mkononi. Tazama jina la aliyekukopesha, tarehe, pesa ulizochukua, pesa anazosema unadaiwa, na siku ulizochelewa. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umeharibika, na mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Notisi yangu bila shaka ilitumwa, ila ilikwenda kwenye laini iliyokuwa mfukoni mwa mwizi. Ukibadilisha nambari, waambie wote uliowahi kukopa kwao. Ni jambo dogo, na mimi limenigharimu miaka mitatu.

Lile deni la 2,000 lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhania. Nilitoa taarifa ya M-Pesa ya mwaka ule, nikaizungushia wino siku ya malipo, nikaipeleka pamoja na nakala ya kitambulisho na barua fupi ya malalamiko kwa kampuni iliyotoa ripoti, na nakala nyingine kwa mkopeshaji. Barua yangu ilikuwa na sentensi nne tu. Wakarekebisha.

Deni la kweli ndilo lililohitaji kichwa kitulie. Nilipopiga simu, benki iliniambia nadaiwa 7,840. Ningelipa siku hiyo hiyo kwa woga, kama jirani yangu, karani wa mahakama, asingenitajia kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Kifungu hicho kinasema mkopo wa benki ukishaharibika, riba haiwezi kuzidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki siku ulipoharibika. Mimi nilikuwa nimebakisha 3,000. Kwa hivyo deni na riba yake haviwezi kupita 6,000, ukiacha gharama walizoingia kweli katika kudai. Nikawaandikia hivyo kwa barua pepe, kwa adabu, nikataja kifungu, nikaomba mchanganuo wa hizo 1,840 zilizozidi. Mchanganuo haukuja. Baada ya siku tisa likaja jibu la mstari mmoja: lipa 6,000.

Nililipa Juni 2022. Na miezi mitano baadaye, Novemba, Benki Kuu ikatangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni wale walioshindwa kulipa mikopo ya simu ya benki ya muda usiozidi siku 30. Yaani mkopo kama wangu! Nilicheka kwa uchungu. Lakini sikushauri ukae ukisubiri msamaha, maana mpango ule ulikuwa na mwisho wake, Mei 2023, na mwingine hujui kama utakuja.

Sasa, kilichonishangaza zaidi. Agosti 2022 nikarudi benki kwa yule afisa, kifua mbele. Akafungua, mstari uko pale pale: haujalipwa. Aliyenikopesha alipokea pesa zake na hakupeleka habari. Ndiyo sababu nasema siku unayolipa, usiachane na mkopeshaji mpaka akupe barua ya kwamba deni limekwisha, yenye tarehe na nambari ya akaunti. Mimi niliiomba nikiwa nimechelewa, nikazungushwa wiki tatu. Nilipoipata niliipeleka kwa kampuni zote tatu, kisha nikaomba ripoti upya kuhakikisha. Benki ikataka pia cheti cha CRB, nikalipa shilingi 2,200. Hiyo friza ilikuwa inanikula kabla sijainunua.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: ukilipa, mstari haufutiki. Unabadilika kusema umelipwa, lakini historia ya kuchelewa hukaa miaka mitano tangu siku ya kulipa. Wangu utakaa hadi Juni 2027. Si kifungo. Benki Kuu yenyewe imesema mkopeshaji asimnyime mtu mkopo kwa sababu tu ya kuorodheshwa. Ila afisa ataangalia umefanya nini tangu hapo, na alama yako, ile namba inayopima unavyolipa madeni, pia inapanda kwa hayo hayo. Kwa Metropol alama huanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 ni mahali pa walioshindwa kulipa. Ndipo nilipokuwa.

Kupanda kwangu kulikuwa kwa polepole, na hakuna cha kusimulia sana. Nilifuta programu zote za mikopo kwenye simu isipokuwa moja. Nikajiunga na sacco ya wafanyabiashara, nikaweka 1,000 kila Jumatatu kabla sijaenda kununua samaki, kwa sababu baada ya kununua huwa hazipo. Baada ya miezi sita nikakopa 15,000 ambazo, kusema kweli, sikuzihitaji sana, nikazilipa kila mwezi siku mbili kabla ya tarehe. Mume wangu aliniona mwendawazimu kulipa riba ya pesa zilizolala. Labda. Lakini mkopo wa pili walinipa bila maswali, na nikakataa kumdhamini mtu yeyote mwaka ule mzima, hata wifi yangu, ambaye hadi leo ananisalimia nusu nusu.

Friza niliinunua Agosti 2023, kwa mkopo wa sacco. Barua ya kumaliza deni ningali nayo, nimeipiga picha na nakala ya karatasi iko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwaka jana niliitoa tena, afisa mwingine, benki nyingine, mstari ule ule. Aliisoma, akairudisha, akauliza samaki wanauzwaje siku hizi.