Usiifute pleya iliyokuja na kompyuta, hasa kama unauza video

Mkuu wa Tukuyu, acha kwanza, usifute kitu. Umesema fundi kakwambia Windows Media Player, ile pleya iliyokuja na kompyuta, inajaza laptop bure, uitoe ubaki na VLC peke yake, ile pleya nyingine ya kujiwekea, na kwamba karibuni unaanza kurekodi kwaya ya usharika wenu na kuuza kwenye flash. Umeuliza pia habari za spika, maandishi ya chini ya filamu na kuchoma CD. Mimi nimekwama hapo kwa fundi, maana maneno hayohayo niliambiwa hapa Mwanjelwa, tena na mtu niliyemlipa.

Hiyo hoja ya nafasi ni uongo. Ukiitoa, nafasi utakayopata haitoshi kuweka hata filamu moja.

Sasa sikia. Tulikuwa tunajiandaa na uzinduzi wa albamu ya video ya kwaya. Picha zilitoka safi sana, nyingine tulipiga Daraja la Mungu pale Kiwira, nyingine waimbaji wamesimama katikati ya mashamba ya chai. Flash za kuuza zilikuwa za GB 4 na kazi ilikuwa nzito, haiingii. Fundi wangu akasema toa kwa H.265, namna mojawapo ya kubana video, saizi inashuka karibu nusu na ubora unabaki uleule. Kwenye hilo hakukosea. H.265 ilipitishwa 2013 na kweli inabana kuliko H.264 ya 2003. Alichoninyima ni habari kwamba kompyuta nyingi za watu haziifungui hivihivi. Kwenye Windows 10 mara nyingi unadaiwa nyongeza ya HEVC (ndiyo hiyohiyo H.265 kwa jina jingine) kutoka Microsoft Store, dola 0.99, ulipe kwa kadi na uwe na intaneti. Windows 7 haiijui kabisa. Na TV za zamani ndiyo usiseme.

Mimi ningejuaje? Pleya ya Windows nilishaitoa kwa ushauri wake. VLC inakuja na kodeki zake ndani, yaani vifaa vya kufungua video zilizobanwa, kwa hiyo kila flash niliyojaribu ilicheza vizuri, picha na sauti. Nikanakili zote usiku kucha.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi ameshakaa, harambee inasubiri, laptop ya ukumbini imeunganishwa na projekta. Wimbo wa kwanza ukaanza, sauti imejaa ukumbi mzima, ukutani giza. Watu wakadhani ni projekta. Tukachomoa waya, tukabadilisha flash, vilevile. Kwenye kioo cha laptop kuna ujumbe unataka tununue HEVC. Laptop yangu iko nyumbani Uyole. Nikatuma bodaboda, na ilipofika mgeni rasmi alishaondoka na harambee imeshapoa. Mwalimu wa kwaya hakunisemesha neno, alikuwa anakunja karatasi ya ratiba tu.

Hayo yangeweza kusahaulika. Kilichouma zaidi ni flash zilizokuwa zimeshauzwa. Mama mmoja wa Chimala alinipigia: "Mwanangu, nawasikia wanaimba, mbona siwaoni?" Akafuata mwingine wa Igawilo, akafuata wa Makambako. Nikarudisha hela, nikakusanya flash, nikaandika upya kila moja, na nauli za kuzirudisha zikatoka mfukoni mwangu.

Nilipomrudia fundi akanijibu, "Waambie waweke VLC." Yule mama anaangalia kwenye TV ya sebuleni, VLC aiweke wapi? Mtu anayekushauri bila kujua kazi yako inaenda kwa nani anakuharibia jina, na yeye jina lake halitajwi popote. Hadi leo nikimkumbuka nakasirika.

Kwa hiyo mkuu: faili lolote unalompa mtu mwingine, lifungue kwanza kwenye pleya iliyokuja na kompyuta. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwako. VLC siipingi, ni ya bure, ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996 na mimi naitumia kila siku. Lakini VLC ni kama mtu anayejua lugha zote, huyo hawezi kukuambia kama Kinyakyusa chako kitaeleweka Songea. Pleya ya kawaida ikigoma, mteja wako naye atagomewa.

Tahadhari moja. Laptop mpya nyingine zinakuja na HEVC tayari, hivyo hata pleya ya Windows inaweza kukupitishia faili baya. Ndiyo maana fungua faili hilohilo ndani ya VLC, bonyeza Ctrl na J, usome mstari wa kodeki. Ukiona H264 endelea. Ukiona HEVC simama hapohapo.

Unapotoa kazi kwenye programu ya kuhariri chagua MP4, picha H.264, sauti AAC. Angalia na simu unayorekodia. iPhone tangu iOS 11 ya 2017 zinaweza kurekodi HEVC zenyewe, nenda kwenye mipangilio ya kamera uweke Most Compatible. Kama kazi imeshatoka vibaya, VLC yenyewe inabadilisha: ingia Media, kisha Convert/Save, chagua ile ya H.264 + MP3 (MP4). Itachukua muda, iache ifanye.

Na flash isipotosha usibane video kama nilivyofundishwa mimi. Nunua flash kubwa, na kila wimbo uwe faili lake. Flash nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalofika GB 4 hata kama flash ina GB 32. Nyimbo zikiwa mojamoja hilo halikugusi, na mama wa kijijini anachagua wimbo anaoutaka kwa rimoti.

Kama umeshaitoa, ingia Settings, tafuta Optional features, uongeze Windows Media Player. Fanya hivyo leo kabla hujanunua flash hata moja. Ukimaliza wimbo wa kwanza niandikie hapahapa VLC imekuonyesha kodeki gani, nitakujibu kabla hujaanza kunakili.