Re: Mbona majukwaa ya NASCAR siku hizi yana viti vitupu?

Mkuu, umeuliza kama ni uchumi tu uliowafukuza mashabiki wa NASCAR, yale mashindano ya mbio za magari ya Marekani. Ulichangia, hasa baada ya 2008: shabiki wa mbio za Marekani husafiri mbali na kulala siku mbili tatu kambini au hotelini, na mfuko ulikuwa umetoboka. Uwanja wa Bristol, kule Tennessee, uliouza tiketi zote mbio 55 mfululizo tangu 1982 ulikatiwa rekodi hiyo mwaka 2010.

Ila kwangu mimi kidonda kikubwa ni kuchezea kanuni. Zamani bingwa alikuwa mwenye pointi nyingi msimu mzima, basi. Mwaka 2004 wakaleta "Chase", mbio 10 za mwisho zikaamua bingwa kati ya wachache. 2014 wakaongeza mchujo, uliodumu hadi 2025: walikuwa wanabaki madereva 4 kwenye mbio ya mwisho, na kati yao aliyemaliza mbele ndiye alikuwa bingwa. Yaani ulikuwa unatawala msimu mzima, tairi likipasuka Jumapili moja, kwisha habari yako! Mzee aliyeanza kufuatilia enzi za Richard Petty, dereva nguli wa zamani, aliona hiyo bahati nasibu.

Halafu wakakimbilia miji mikubwa. North Wilkesboro, uwanja wa nyumbani kabisa kwa mchezo huu, ulinyang'anywa mbio zake 1996, zikapelekwa Texas na New Hampshire. Wamerudi pale 2023, miaka 27 baadaye.

Na madereva wenye majina makubwa nao waliondoka kwa mkupuo: Jeff Gordon, Tony Stewart, Dale Earnhardt Jr., wote ndani ya 2015 hadi 2017.